Yakichanua Tutakuja

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Chiriku anakula, shule ameanza, na sare imemkaa vizuri ila mikono mirefu, nimeikunja.

Kifurushi kilichokuja na barua hii kina miche ya maua. Tafadhali usikiweke juu ya kabati kikasubiri mgeni. Kifungue siku hiyo hiyo, kwa sababu miche imesafiri gizani na ina kiu. Ni zinia. Ni maua ya msimu mmoja: yanaota, yanachanua, yanakufa, basi. Hapa kitaluni ndiyo kazi yangu ya kutwa, kuipakia miche kila mmoja kwenye kikombe chake cha karatasi na kuwatumia watu kwa posta. Hii yako ina mashina yaliyopinda kidogo. Iliyopinda haiuzwi, tunagawana sisi wapakiaji.

Iweke kivulini siku mbili tatu izoee hewa. Kisha ipande mbele ya mlango, pale penye jua, mche na mche iachane shibiri moja. Maji ni asubuhi, chini kwenye shina, usimwagie majani. Ikifika kimo cha shibiri, vunja ncha ya juu. Mara moja tu. Ukishaivunja itatoa matawi pembeni na maua yatakuwa mengi.

Nimemwambia Chiriku kwamba maua ya huko yakichanua tutakuja. Shule itakuwa imefungwa. Basi yatunze.

Mwanao

*

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika na maji ya kifurushi, barua imelowa nusu. Fundi ilimbidi aianike kwanza ndipo aisome.

Fundi ni mshona nguo aliyepanga chumba cha mbele baada ya nyinyi kuondoka. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikiwa na ndoo kichwani, hilo unalijua. Kwa hiyo mimi nasema, yeye anaandika. Akiandika neno ambalo sikulisema namjua, anauma mdomo.

(Nakusalimu dada. Ni mimi Fundi. Siumi mdomo.)

Hapo ameandika nini? Amekaa na kalamu muda mrefu kuliko maneno yangu.

Kwa hiyo iliyopinda ndiyo yangu. Sawa. Waliolipa wapate iliyonyooka, mama mzazi apate vilema. Mimi si jaa la kitalu chenu, mwanangu, lakini nimefungua. Kifurushi kilikuja kichwa chini miguu juu. Mche mmoja ulikuwa umeshakufa, mingine imelala kama walevi. Nikaipanga chini ya meza ya cherehani, nikainywesha kwa kijiko. Asubuhi ya tatu ikanyanyua shingo. Nilipiga kelele mpaka Fundi akajichoma sindano.

Nimeipanda mbele ya mlango kama ulivyosema. Nimeupa kila mmoja shibiri yake.

Sasa niambie habari ya mtoto, si habari ya sare. Usingizi je? Yule akilala lazima ashike kitu. Alikuwa anashika sikio langu, lile la kushoto, analivuta mpaka likawa refu kuliko mwenzake. Huko anashika nini? Siku ile kituoni nilimbandua vidole kwenye nguo yangu kimoja kimoja, wewe ulikuwa unaangalia mizigo. Alipoingia ndani ya basi alinyamaza. Chiriku, kunyamaza! Miaka sita nilikuwa sipati nafasi ya kumeza mate kwa maneno ya mtoto yule.

Nijibu hilo.

Mama yako

*

28 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba imeshika. Usiitie mbolea bado, mizizi ni michanga na itaungua. Ngoja wiki mbili, halafu chukua samadi iliyooza vizuri, iliyo nyeusi na isiyo na harufu, changanya konzi moja na udongo kuzunguka kila mche, isiguse shina. Konokono wakitokea, watafute asubuhi chini ya majani. Ukiona majani yana unga mweupe, unamwagilia vibaya, maji yanakaa juu. Magugu yang'oe kwa mkono, usitumie jembe, jembe linakata mizizi. Mvua ikiwa kubwa chomeka kijiti kila mche uegemee, uufunge kwa kipande cha kitambaa, usiukaze.

Chiriku hajambo. Analala vizuri.

Mwanao

*

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Ulipoandika habari ya samadi, Fundi alisoma mpaka akamaliza kikombe cha chai. Ulipofika kwa mtoto, alifungua mdomo akaufunga. Nikamwambia, geuza nyuma, labda kuna mengine. Akageuza. Nyuma peupe.

Analala vizuri akiwa ameshika nini?

Ncha nimezivunja. Nakwambia ukweli, mkono ulikataa. Kitu umekinywesha kwa kijiko, kimekua, kimenyoosha shingo yake, halafu uende ukaivunje? Nilivunja huku natazama pembeni. Kuku wa mwenye nyumba naye alikuja kunisaidia bila kuitwa, akachakura mche mzima. Nimemwambia mwenye nyumba kuku wake akirudi hapa, nitamrudishia manyoya tu. Akacheka. Hajui kama sitanii.

Kitanda kile cha mtoto nimekitoa nje nikakipiga jua. Fundi anashona foronya mpya, kitambaa kina vifaranga vya njano. Mtaiona foronya hiyo! Nimemwambia Fundi ashone kwa uzi mara mbili, kwa sababu Chiriku akilala anatafuna pembe ya mto.

Yanachanua lini haya?

Mama yako

*

25 Aprili

Mama,

Shikamoo. Umefanya vizuri kuvunja. Sasa matawi mapya yatatoka mawili mawili kwenye kila kifundo. Nayo yakifikia urefu wa kidole, yavunje ncha tena. Usihofu, ndivyo inavyotakiwa. Ukiyaacha utapata maua machache tena madogo, na tutakuja tukute hamna cha kuona.

Kazini kumebana, msimu wa oda ni sasa. Natoka giza narudi giza. Kuna mama wa chumba cha jirani anakaa na Chiriku akitoka shule.

Usisumbuke na foronya, mito ipo.

Mwanao

*

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mito ipo, sawa. Basi kama mito ipo, Fundi ameshona mto wa kukalia kuku.

Nimevunja tena. Safari hii kulikuwa na vitumba vimeshafunga ngumi, vingine vinaonyesha wekundu kwa ndani. Nimevijaza bakuli. Mtu yeyote ambaye angenipita pale angesema mwanamke huyu ana wazimu, amelea maua ili ayanyonge. Mwenye nyumba alinipita, akasema hivyo hivyo.

Sasa nikuulize jambo, na usinitolee macho, siyaoni. Una mwanaume? Kama una mwanaume asiyetaka kumwona mama mkwe, sema. Mimi sina ubaya na wanaume, nimezika mmoja. Mlete na yeye. Nitampa kiti, nitamtazama mikono, nitakwambia ukweli. Lakini usijifiche nyuma ya konokono na samadi. Kila nikikuuliza mtoto unanijibu mbolea.

Na huyo mama wa jirani, anamsikiliza mtoto anapoongea? Chiriku hapendi mtu anayeitikia "mm" huku anapika. Ukimwitikia "mm" anaanza hadithi upya.

(Dada, habari ya kuku ni uongo. Foronya ipo kitandani, imenyooshwa pasi. Kila asubuhi anaitoa vumbi ambalo halipo.)

Mama yako

*

20 Mei

Mama,

Shikamoo. Sina mwanaume. Ningemtoa wapi, na muda ni huu? Huwa nalala na udongo kwenye kucha.

Mvua za huko nasikia zimezidi. Mvua ikizidi, kitumba kinaoza kabla hakijafunguka. Kwa hiyo vunja tena mara hii moja, uvivunje vyote, usibakishe hata kimoja. Mwezi ujao hali ya hewa ikitulia tutaona.

Chiriku hajambo.

Mwanao

*

1 Juni

Mwanangu,

Sikuvunja.

Mimi sijui kusoma, kwa hiyo sisahau. Nyinyi mnaojua kusoma mnaweka neno kwenye karatasi, mnalala. Mimi naliweka hapa, halitoki. Barua yako ya kwanza, ile iliyolowa, ulisema: vunja ncha mara moja tu. "Mara moja tu." Fundi alipoisoma niliirudia kwa sauti, kama mtu anayetumwa dukani. Mwezi uliofuata ikawa tena. Sasa imekuwa "mara hii moja". Na mvua unayoisikia huko, mimi ninayekaa chini yake sijaiona. Jua hapa linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika.

Nilimwambia Fundi alete barua zote. Akazisoma moja baada ya nyingine. Alipomaliza hakuniangalia, akaanza kutafuta mkasi aliokuwa ameushika.

Nyuma ya pipa la maji kuna mche mmoja niliusahau. Mara ya pili sikuuona kwa sababu umejificha. Leo asubuhi umefungua. Ua moja, jekundu, pana kama sahani ya kikombe.

Wewe ndiwe uliyesema yakichanua mtakuja. Sikukuomba. Ulisema mwenyewe. Kisha kila yanapotaka kuchanua unaniambia niyavunje. Umenifanya nijifungie mlango kwa mikono yangu mwenyewe, mwanangu, na mimi mjinga nikawa nakuuliza kama nimefunga vizuri.

Nimekukosea nini? Sema sasa. Samadi siitaki.

Mama yako

*

14 Juni

Mama,

Leo sisalimu. Nikianza na salamu nguvu zitaniishia.

Hapa hakuna mwanaume. Kuna mtoto anayeniita anti.

Kwake wewe ndiwe mama. Mimi ni anti. Mwalimu wake alimuuliza langoni, huyu anayekuja kukuchukua ni nani yako? Akajibu mbele yangu, kwa adabu kabisa: "Huyu ni anti wa maua. Nakaa kwake mpaka nirudi kwa mama." Mwalimu alinitazama kama mtu aliyeiba. Nilimwambia mtoto anatania.

Umeniuliza akilala anashika nini. Usiku wa kwanza nilimpa sikio langu. Nililala kando yake, nikauvuta mkono wake, nikauweka. Aliligusa kidogo, akasema, "Hili silo." Akaurudisha mkono. Tangu siku hiyo analala ameshika mkanda wa begi lake la safari. Hataki nilifungue. Nguo zake nyingine bado zimo, mama. Unasema kwa maneno yake ulikuwa hupati kumeza mate. Mimi humu ndani namsikia akimeza yake.

Ile ahadi ilinitoka tu usiku huo wa kwanza, alipoanza kulia, ili anyamaze. Nikasema namtumia mama maua, yakichanua tutakwenda. Alinyamaza. Kesho yake jioni akauliza, "Yamechanua?" Na kesho yake. Kila jioni nikiingia, kabla sijavua viatu. Ndipo nikaelewa nimefanya nini. Nikimleta atashika nguo yako, na safari hii nani atabandua vidole? Mimi siwezi. Wewe hutaki. Nitarudi peke yangu, na mimi nitakuwa anti mpaka nife.

Kumdanganya sikutaka. Nilishamdanganya siku ile ya kuondoka, nilimwambia tunakwenda kutembea. Kwa hiyo nilitaka akiniuliza "yamechanua?" nimjibu hapana, na iwe kweli. Ndiyo maana nilikuambia uvunje.

Unauliza umenikosea nini. Miaka sita, kila nilipokuja, alikuita mama mbele ya macho yangu. Hukumsahihisha hata mara moja. Ulicheka. Ulinigeukia ukasema, "Msikie huyu!" Nami nikacheka, halafu nikaenda kunawa uso uani.

Haya. Barua zako zote nimekuwa nikimsomea nusu nusu. Inayofuata nitamsomea neno kwa neno, nimemwahidi. Ukisema yamechanua, tunakuja. Ni wewe sasa.

Mwanao

*

27 Juni

Mwanangu,

Hii usimsomee. Hii ni yako peke yako, na kama Fundi ataiandika kwa ulaini nitaichana.

Nilicheka, ndiyo. Mtoto anaamka na homa anaita mama. Nani angeitika, mlango? Wewe ulikuwa wapi? Unakuja mara mbili kwa mwaka kama mtoza kodi, umebeba viatu visivyomtosha kwa sababu hujui mguu umefika wapi. Ulipokuwa unajifunza kupakia watoto wa maua kwenye vikombe vya karatasi, wa kwako nilikuwa nampakia mimi mgongoni. Meno yake ya kwanza yameniuma mimi. Nikitembea usiku huu huu mguu wangu bado unakanyaga pembeni kwa kudhani amelala chini.

Ningemwambia nini? "Usiniite mama, mama yako yuko kazini, subiri"? Mtoto wa miezi tisa?

Na wewe kama ulikuwa unaumia mbona ulikwenda kunawa uso? Ungenipiga kelele. Ungepiga kelele mbele yake! Mimi nilikuzaa ukiwa na kelele, zilikwenda wapi? Mwanamke mzima unanipiga vita kwa vitumba vya maua. Unanituma mimi, mwenye mikono hii, niyanyonge, eti wewe usiseme uongo. Uongo hukuusema wewe, sawa. Umenifanya niusokote mimi kwa vidole vyangu, wewe ukabaki msafi.

Nimekasirika. Nimekasirika mpaka nimemfokea kuku kwa jina lako.

"Hili silo." Maneno hayo Fundi ameyarudia mara tatu kwa sababu nilimwambia arudie. Siwezi kuendelea leo.

Mama yako

*

3 Julai

Mwanangu,

Karatasi hii fupi ni yako. Ile nyingine ni ya Chiriku. Msomee hiyo neno kwa neno, kama ulivyosema. Usiongeze asali wala usipunguze chumvi. Kaa chini unapomsomea, usisome umesimama kama askari.

Mama yako

*

3 Julai

Chiriku,

Nyamaza kwanza nikwambie.

Maua yamekufa. Hayakuchanua. Kuku wa mwenye nyumba, yule mwekundu mwenye kiburi uliyemwita Mkubwa, ameyachakura yote. Yaliyobaki jua limeyaua. Nilimkimbiza na fagio nikaanguka mimi, yeye akasimama ananiangalia. Kwa hiyo usiulize tena jioni kama yamechanua. Kitu kilichokufa hakingojewi.

Toa nguo kwenye begi. Zitanuka uvundo. Zipange pale utakapoonyeshwa.

Sasa sikiliza na hili, ni kubwa, lakini wewe una kichwa kizuri. Mimi ni bibi yako. Uliponiita mama niliitika, kwa sababu wakati ule zamu ilikuwa yangu, na niliipenda zamu hiyo, sikutaka kumwamsha mwenzangu. Mama yako ni huyo anayekusomea. Nilikuwepo ulipokuwa tumboni mwake, ulimpiga mateke akawa hawezi kukaa wala kulala, na kila ukimpiga anacheka anasema, "Ameamka." Sikulazimishi umwite unavyotakiwa. Ita utakavyo. Lakini ujue anti si jina lake.

Na sikio lake uliliangalia gizani, ndiyo maana hukulijua. Liangalie kwenye taa. Chini, pale panapoishia nyama, kuna kikunjo kidogo kama mkunjo wa sare yako. Mimi ninacho kama hicho. Nilimpa mimi. Na wewe unacho, jipapase.

Kula. Ongea. Mwalimu akisema unaongea sana mwambie ni ugonjwa wa nyumbani kwenu.

Bibi yako

(Dada, haya ya nyuma naandika mwenyewe, yeye amekwenda kuteka maji. Usimsomee mtoto. Maua yamechanua yote. Yamechanua kwa fujo, mekundu, ya njano, ya waridi, mpaka wapita njia wanasimama, na mwenye nyumba amemfunga kuku wake kamba kwa heshima. Mama yako ametoa kiti chake nje, amekaa katikati ya maua, ndipo akanitajia barua hii. Aliposema "yamekufa" alikigeuza kiti, akayapa mgongo, kama vile yana masikio. Fundi.)

*

22 Julai

Mama,

Shikamoo.

Nimemsomea. Nilikaa chini. Hakulia. Aliniomba nirudie pale pa kuku, nikarudia, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja. Pale pa zamu alishika mkanda wa begi. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo bibi sasa anamwagilia nini?"

Bibi. Alisema hivyo, mara moja, kama alikuwa nalo mfukoni siku zote. Nakuandikia ujue. Sikujua litaniumiza hata mimi.

Kisha akasogeza taa, akaniinamisha kichwa, akalitazama sikio langu. Alitazama sana. Akajipapasa la kwake. Hakulishika la kwangu. Alikwenda kulala.

Begi ameligawa. Nguo ametoa, viatu ameviacha ndani.

Bado ananiita anti.

Jioni iliyofuata niliingia nikasimama mlangoni, sijavua viatu, nikawa nangoja aulize. Hakuuliza. Alikuwa anaandika kazi ya shule. Sijapata kusikia nyumba kimya namna ile.

Fundi ameniandikia nyuma ya karatasi. Usimgombeze. Kwa nini, mama? Ungesema tu yamechanua. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini. Tungekuja.

Mwanao

*

2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba.

Fundi nimeshamgombeza. Siku mbili hatukusemeshana. Siku ya tatu alihitaji mtu wa kumshikia kitambaa, nikamshikia, lakini nilimwangalia vibaya. Leo nimemwambia ale kiapo kwa kila neno, asiandike nyuma wala pembeni.

Unaniuliza kwa nini. Mwanangu, ningemwona. Angekuja mbio kutoka pale barabarani, angeongea mpaka uji ukapoa, usiku angelivuta sikio langu. Halafu asubuhi ya kuondoka? Nilishabandua vidole vile mara moja. Unadhani mimi nina mikono mingapi? Na ningemwacha abaki, wewe ungerudi huko kuwafungia watu miche, na jioni chumba kitupu. Nilikuzaa wewe pia. Watu mnasahau hilo.

Sijakusamehe. Usifikiri kwa sababu naongea polepole nimekusamehe. Ukija nitakupa kiti, nitakupa chai, nitakutukana. Lakini usije naye mpaka mwenyewe akuite mama, bila kufundishwa. Nitangoja. Na isipotokea mimi nikiwa hai, basi.

Maua yamekufa sasa kweli. Yalianza kukauka kwa chini, majani yakawa kama karatasi za barua zako, nikajua ndiyo mwisho. Kwa hiyo mtoto sikumdanganya, nilimwambia mapema tu. Nimeyang'oa mashina yote. Mbele ya mlango peupe, unaona mpaka barabarani na hakuna kitu cha kutazama. Akikuuliza tena namwagilia nini, sema bibi anamwagilia vumbi lisiruke.

Vile vichwa vilivyokauka nilivipukuchua kabla ya kutupa mashina. Mbegu zimo ndani ya kifuko hiki. Umekitambua kitambaa? Vifaranga vya njano. Foronya tumeikata, hakuna wa kuitafuna.

Apande yeye. Wewe uwe umekaa chini kando yake, udongo kwenye kucha zako uwe wa kwake kwanza, kitalu kisubiri. Msikilize akiongea, usimwitikie "mm". Mimi sikuitwa mama kwa sura yangu nzuri. Niliitwa kwa sababu kila alipogeuka nilikuwepo.

Ikifika shibiri mwonyeshe kuvunja ncha. Mara moja tu. Safari hii uwe unasema kweli.

Na akiuliza mbegu zimetoka wapi, mwambie zimetoka kwako.

Mama yako